Nani Anaifungua Hiyo Bahasha?

Vijana wenzangu, tangazo la kazi likibandikwa tu, asubuhi yake utatukuta getini na bahasha zetu za kaki. Tukikosa tunarudi barazani na neno moja: "Kazi ni za kujuana." Mara nyingine ni kweli, na ni haki tulalamike. Lakini tujiulize pia: ndani kule, nani anazifungua zile bahasha? Na ni wangapi kati yetu waliosomea kazi hiyo?

Huyo ni afisa wa rasilimali watu, HR kama tunavyomwita mtaani. Sisi tukisikia kusoma, ni udaktari, uhandisi ama sheria. HR tunamkumbuka siku ya barua ya kufutwa.

Sheria imemuwekea mengi mikononi. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka ahesabiwe mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Anayeshika rekodi ya siku hizo ni HR. Kifungu cha 41 kinasema mtu hafutwi kwa makosa kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake wa kazini ama mtu wa chama cha wafanyakazi, na asikilizwe. Anayekiitisha kikao hicho ni HR. Dada akiambiwa avue hijabu ndio aandikwe kazi, Katiba, ibara ya 32, inakataza mtu kunyimwa ajira kwa sababu ya dini yake. Wa kwanza anayepaswa kulisema hilo ofisini ni huyo huyo.

Mtasema, "HR ni mtu wa bosi." Sawa, bosi ndiye anayemlipa. Lakini HR anayeijua sheria anaweza kumwambia bosi, "Tukimfuta hivi, korti inaweza kutuamuru tumlipe mpaka mishahara ya miezi 12." Neno hilo linaokoa watu kimya kimya, bila maandamano.

Njia yenyewe si siri. Ukiwa na C+ kidato cha nne, unaweza kuomba digrii. Ukiwa chini ya hapo, anza na cheti ama diploma, kisha upande. Utaanzia chini: kupanga mafaili, kuhesabu likizo, kukagua makato ya mishahara. Usiidharau kazi hiyo, ndipo ofisi inapojulikana. Tangu 2012 kuna sheria ya taaluma hii. Kuna mitihani ya bodi, kuna kusajiliwa, kuna cheti cha kufanyia kazi. Umeneja unakuja baada ya miaka, kwa mwenye subira na mwenye kuweza kutunza siri za watu.

Na tusidanganyane. Hatumtaki mmoja wetu pale ili atupitishe mlango wa nyuma. Akimpa kazi binamu yake asiyefaa, amefanya lile lile tunalolilalamikia, na mwenye haki yake amerudi nyumbani mikono mitupu. Tunamtaka asome kila bahasha kwa uadilifu, ya Athmani na ya Kamau sawasawa. Kiti kile ni amana.

Kwa hivyo ndugu yako akimaliza kidato cha nne, msimuulize udaktari na uhandisi tu. Mtajieni na hii. Haki tunayoipigania barabarani, kuna mtu anapaswa kuiandika kwenye faili.