Sambar Yatufunza Kuheshimu Mbaazi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Maneno hayo yanatufaa sana sisi Wakenya tunapozungumzia mbaazi. Mmea huu hustahimili ukame, na watu wa Machakos, Makueni na Kitui huuvuna hata mwaka ambao mahindi yamewakaukia shambani. Lakini hebu mwandalie kijana wa mjini sahani ya mbaazi uone atakavyonuna! Ati ni chakula cha shida, cha mwisho wa mwezi. Mimi nayapinga maoni hayo kabisa, na shahidi wangu ni mchuzi wa India Kusini uitwao sambar.

Sambar ni mchuzi wa mbaazi na mboga, wenye ukwaju na viungo. Huko Tamil Nadu, Kerala, Karnataka na Andhra Pradesh watu huula asubuhi kwa idli, yaani vile vimkate vyeupe vinavyopikwa kwa mvuke, na mchana huumwagia wali. Tena si chakula cha maskini peke yao. Hata katika harusi za Watamil wageni hupakuliwa sambar juu ya majani ya mgomba, na hakuna anayenuna.

Shangazi yangu ni mpishi wa familia moja iliyotoka Chennai ikahamia Nairobi, naye ndiye aliyenifunza kuupika. Kilichonishangaza ni kwamba zile punje za manjano ziuzwazo dukani kwa jina la toor dal ni mbaazi zizi hizi zetu! Zimeambuliwa ganda na kupasuliwa katikati, basi. Yaani mbaazi ikiwa guniani kwa nyanya twaidharau, ikirudi ndani ya pakiti yenye jina geni twaipangia foleni.

Upishi wenyewe si mgumu, hata kwa sisi wanafunzi wa kutwa tunaofika nyumbani jioni. Osha kikombe kimoja cha mbaazi zilizopasuliwa, uziloweke nusu saa, kisha uzichemshe kwa vikombe vitatu vya maji na nusu kijiko cha manjano hadi ziwe laini za kupondeka kwa mwiko. Maji yakipungua, ongeza. Katika sufuria nyingine chemsha biringanya, karoti, malenge na vitunguu vidogo. Ukipata maganda machanga ya mlonge, hapo umewafikia Watamil wenyewe. Mboga zikiiva tia maji ya ukwaju uliolowekwa, tonge moja kama ndimu ndogo. Usiutie mapema, kwa maana uchachu huzuia mbaazi na mboga kulainika. Ongeza chumvi na viungo vilivyokaangwa bila mafuta kisha vikasagwa: mbegu za dania, pilipili kavu, uwatu kidogo na pilipili manga. Changanya na mbaazi, uache vitokote pamoja dakika kumi.

Mwisho, pasha mafuta kidogo, tia mbegu za haradali mpaka zipasuke, kisha majani ya kari na mvuje chembe tu, umimine juu ya mchuzi. Harufu ya viungo hivi hutoka vizuri ndani ya mafuta ya moto kuliko ndani ya maji, na jirani atakuja kuuliza mmepika nini!

Wapo watakaosema kwamba viungo hivyo ni gharama. Sikubaliani nao. Ukwaju unamea Ukambani na Pwani, dania iko kila soko, na pakiti ndogo ya haradali hupikia sufuria nyingi. Mvuje usipoupata, uache. Linganisha na bei ya kilo moja ya nyama, kisha ukumbuke kwamba karibu asilimia 20 ya mbaazi kavu ni protini. Ndugu zetu wa Mombasa hawahitaji somo hili, kwani mbaazi za nazi na mahamri ndiyo staftahi yao tangu zamani. Ni sisi wa bara tunaojifanya hatujui.

Isitoshe, jambo hili halihusu tumbo peke yake. Mwezi wa Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi kutoka nje, bei ilianguka, na wakulima wengi, hasa wa Tanzania, wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. Masharti hayo yalilegezwa mwaka wa 2021, lakini je, tumejifunza? Mkulima anayetegemea mlango mmoja tu wa kuuzia mazao yake, ukifungwa ataenda wapi? Sisi wenyewe tungekuwa tunazila mbaazi kwa hamu, angepata mnunuzi hapa hapa sokoni kwetu.

Kwa hivyo wenzangu, wavulana kwa wasichana, ombi langu ni dogo. Jumamosi moja ingieni jikoni, mpike sambar, mwite watu wa nyumbani waonje kabla hamjawaambia ni mbaazi. Wakishalamba vidole waambieni zilikotoka. Na yule atakayeenda ushago likizoni, akipewa mfuko wa mbaazi na nyanya yake asiuache kwenye matatu kwa kuona haya. Aulete nyumbani, kwani kitoweo kimo humo.