Useme Alhamdulillah, Kisha Useme Yaliyokusibu



Miezi michache nyuma tulimsindikiza shangazi yetu kutiwa dawa ya saratani mshipani, ile watu waiitayo kemo. Ilikuwa mara yake ya pili. Hakulazwa, aliingia asubuhi, akatoka baada ya Alasiri. Alipokuwa akivaa buibui lake, muuguzi alimuuliza kama ameridhika na huduma. Akajibu, "Alhamdulillah." Muuguzi akaandika, tukaenda zetu.

Siku tatu hakukaa na kitu tumboni. Hata uji ulimshinda. Ndipo tukajua kuwa mara ya kwanza ilikuwa vivyo hivyo, naye hakumwambia mtu. Tulipomuuliza sababu, alisema: "Mwanangu, nimshitaki Mungu kwa daktari?"

Swali hilo lilitukosesha usingizi. Nabii Ayyub (A.S.) alimweleza Mola wake madhara yaliyompata, na Qur'ani ikamtaja kuwa ni mwenye subira. Bibi Aisha (R.A.) alilalama kuumwa na kichwa mbele ya Mtume (S.A.W.), wala hakukemewa, Mtume naye alitaja maumivu ya kichwa chake. Kuridhika na kadari ni ibada ya moyo. Muuguzi aulizapo habari ya huduma, hutaka ushahidi, na ushahidi haufichwi.

Mgonjwa aliyelazwa huonwa na wauguzi usiku kucha. Huyu arudiye nyumbani hana shahidi ila ulimi wake na watu wa nyumba yake. Homa ikifika nyuzi 38 baada ya dawa hizi ni jambo la hatari, kwani kinga ya mwili huwa imeshuka. Aende hospitali saa ile ile, ikiwa ni usiku au mchana. Nambari ya simu ya kuuliza iombwe kabla ya kuondoka.

Wako wanaochelea kwamba wakilalamika watatazamwa kwa jicho baya. Wako wanaoona haya kutaja titi au kizazi mbele ya daktari mwanamume. Hao na waombe muuguzi wa kike, wala si aibu. Nasi wanaume (hapa twajisema wenyewe) tuache kumjibia mgonjwa naye yupo, akili zake timamu.

Safari ya tatu shangazi alianza kwa Alhamdulillah, kisha akaeleza yote, moja baada ya moja. Daktari alimbadilishia dawa ya kuzuia kutapika. Siku ya pili aliomba uji, akaunywa, akalalamika kwamba sukari haikutosha.