Wafoli Kavu za Kiamshakinywa

Wafoli, mikate ya vijumba ichomwayo baina ya vyuma viwili, mara nyingi hutoka motoni ikiwa kavu na kufika mezani imelegea. Sababu ni mvuke: ukikosa pa kutokea, hurudi kuulainisha mkate.

VIPIMO
Unga wa ngano vikombe 1½
Unga wa mchele kikombe ½
Maziwa ya vuguvugu vikombe 2
Siagi iliyoyeyushwa kikombe ½
Hamira vijiko vidogo 2
Sukari kijiko kikubwa 1
Chumvi na iliki kiasi
Mayai 2

NAMNA YA KUTAYARISHA
1. Usiku, changanya vyote isipokuwa mayai katika bakuli kubwa, kwani rojo litaumuka. Baada ya nusu saa, lifunike ulitie ndani ya friji. Joto la pwani hulichachua upesi.
2. Asubuhi, piga mayai uyachanganye humo.
3. Pasha mashine moto barabara, ipake samli, umimine upawa mmoja. Usifunue mpaka mvuke upungue kabisa, yapata dakika 5.
4. Panga wafoli mojamoja juu ya wavu, ndani ya oveni yenye moto mdogo. Usizirundike, wala usizitie kwenye hotipoti.

Unga wa mchele husaidia kuleta ukavu. Sukari ikizidi, wafoli huungua kabla ya kukauka. Asali imiminwe wakati wa kula. Hivyo mama hamaliziki jikoni akichoma moja baada ya nyingine: huketi na wanawe, wakala pamoja kabla ya skuli.