Kulala Msituni na Watoto: Je, Ni Salama?

Mama mmoja msomaji wetu, aishiye San Jose huko Marekani, ameniletea shida yake. Watoto wanaomba wakalale kwenye hema msituni, kama wafanyavyo majirani. Baba yao anasema hakuvuka bahari ili arudi kulala porini. Kijana wao wa miaka 12 amekasirika, na sasa humjibu baba yake kwa ndiyo na hapana tu. Naye mama anamhofia mtoto mdogo wa miezi 10. Anauliza: "Dada, hiyo ni afya, au ni kujitafutia homa?"

Dada mpendwa, mahali ulipotaja, hifadhi ya Mount Madonna, napafahamu. Nilifika huko nilipowatembelea ndugu zangu. Ni mali ya kaunti ya Santa Clara, juu ya mlima kati ya miji ya Gilroy na Watsonville. Kuna nafasi zaidi ya 100 za kupiga hema, na kila moja ina meza na mahali pa kuwashia moto. Maji ya bomba na vyoo vipo. Puma wamo katika milima ile, ingawa ni nadra kuonekana. Kwa hiyo watoto wasitembee peke yao, hasa jioni.

Miti ya huko ni redwudi, jamii ya miti mirefu kuliko yote duniani. Ulio mrefu zaidi, kaskazini mwa California, umepita mita 115, kama minazi minne iliyobebana. Karne ya 19 misitu ya pwani ile ilikatwa sana kwa ajili ya mbao. Lakini redwudi ukikatwa, kisiki chake huchipua. Ndiyo maana mtaona miti imesimama kwa duara, kama watoto waliomzunguka mama yao. Mizizi yake haiendi chini sana, bali hutambaa mbali na kushikana na ya jirani. Waonyesheni watoto mambo hayo.

Sasa nakujibu kama muuguzi. Ni salama, ukizingatia haya:

1. Baridi. Usidanganywe na joto la mchana. Ukungu wa bahari hupanda mlimani, na usiku huwa wa baridi hata Julai. Tandika kitu kinene chini, maana ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa. Mtoto mdogo avae nguo mbili tatu zilizo kavu, wala usimfunike uso kwa blanketi zito.

2. Moto. Hili nalisema kwa mkazo. Usiingize jiko la mkaa wala la gesi ndani ya hema, hata mtoto akitetemeka. Kwetu Afrika Mashariki familia nzima zimekutwa zimekufa asubuhi kwa sababu ya jiko lililoachwa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki. Mkizidiwa na baridi, ingieni garini au rudini nyumbani. Miezi ya kiangazi moto wa kuni huweza kupigwa marufuku kabisa, basi ulizeni kabla ya kwenda.

3. Mwaloni wa sumu. Ni kichaka chenye majani matatu matatu, na mafuta yake huwasha na kutoa malengelenge. Aliyeugusa aoshwe mara moja kwa sabuni na maji ya baridi, na nguo zake zifuliwe. Msiutie motoni kamwe, kwani moshi wake huumiza mapafu.

4. Kupe. Kila jioni wakague watoto kwapani, nyuma ya magoti, shingoni na kichwani. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu na ngozi umvute polepole, moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti. Mtoto akipata homa au wekundu unaotanuka katika wiki zinazofuata, mpeleke kwa daktari, umwambie habari ya kupe.

5. Chakula. Pika nyumbani siku moja kabla: maharage, chapati, mayai ya kuchemsha. Usiku vyote vifungiwe garini, kwa sababu rakuni ni wezi hodari. Tena ugawe kazi. Baba na kijana wasimamishe hema, wadogo wachote maji. Mama akikaa jikoni siku nzima kama nyumbani, mapumziko hayakuwa yake.

Nimebakiza habari ya baba. Usimshinde kwa maneno mbele ya watoto. Pengine kwake hema ni ukumbusho wa maisha aliyoyakimbia, na hilo halichekwi. Mwombe kwanza mwende mchana tu, mkale na kutembea, mrudi jioni. Ada ya gari si kubwa.

Mkifika, muombe ampeleke kijana, wao wawili tu, kwenye magofu ya nyumba ya Henry Miller. Huyo alikuwa Mjerumani aliyefika California mwaka 1850, akaanza kwa kazi ya kuchinja nyama, akaja kuwa tajiri mkubwa wa ng'ombe. Naye alivuka bahari, akabadili hata jina lake. Baba anaweza kuanzia hapo kumsimulia mwanawe safari yake mwenyewe, ambayo huenda kijana hajawahi kuisikia yote. Wewe baki nyuma na mdogo, usiwafuate.

Siahidi kwamba watarudi wakicheka. Wakirudi wamezungumza hata kidogo, hapo ndipo mzungumzie habari ya kulala usiku mmoja. Na baba akikataa bado, nendeni tena mchana mwezi ujao. Niandikie jinsi mlivyofanya.