Kizuri Hakijiuzi

Methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, imepata heshima kubwa kupita haki yake. Yamkini yafaa katika malezi ya vijana na katika shughuli za uchumba. Lakini tangu ilipoingia sokoni imeleta hasara ambayo hapana aliyeihesabu. Mchonga vinyago huitaja akiulizwa kwa nini kazi yake haina hata karatasi moja ya maelezo. Mchoraji huitaja. Seremala wa makasha ya nakshi huitaja pia, tena kwa fahari, kana kwamba amesoma aya, na mazungumzo hukoma hapo. Hapana budi mtu aulize: ikiwa kizuri chajiuza, ni nani apokeaye fedha?

Jibu liko wazi kwa kila aliyefuata safari ya kinyago cha mpingo. Mchongaji hukitoa mikononi mwake kikiwa bubu. Mlanguzi hukinunua kikiwa bubu vile vile. Walakini kabla hakijafika katika duka la hoteli, kimekwisha kuota ulimi. Kimepewa jina, kimepewa kabila, kimepewa hadithi ya mizimu ambayo mchongaji hakupata kuisikia maisha yake yote. Mti ni ule ule na kazi ya patasi ni ile ile. Kilichoongezeka ni maneno, na sehemu kubwa ya bei ya mwisho ni bei ya maneno hayo. Basi asemaye kwamba kizuri chajiuza hakusema uongo mtupu. Chauzwa, ila muuzaji ni mtu mwingine.

Ubaya ni kwamba maneno ya mlanguzi, pamoja na kuwa ghali, aghalabu ni ya uongo. Huambiwa mgeni kwamba kinyago cha shetani ni sanaa ya kale, iliyotoka kwa mababu katika giza la historia. Ukweli ni kwamba mtindo huo ulizuka mwishoni mwa miaka ya 1950 miongoni mwa Wamakonde waliokuja kufanya kazi Tanganyika, na wanaoichunguza sanaa hiyo huutaja mkono wa Samaki Likankoa katika kuzaliwa kwake. Yaani ni uvumbuzi wa mtu mwenye jina, katika zama ambazo wazee walio hai wazikumbuka. Habari hii ni nzuri kuliko uongo ule, na ingeuza kinyago vizuri zaidi; lakini ingemrudishia sifa mvumbuzi, na sifa hairudi peke yake pasipo kudai fedha.

Watu wa pwani hawana udhuru wa kudanganywa na methali hii, maana kwa zaidi ya miaka 100 wamevaa hoja ya kuipinga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Nguo yenyewe kwa muda mrefu ilipigwa chapa Uholanzi, Uingereza, India na Japani, mikononi mwa watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Kilichoifanya kuwa mali ya Waswahili ni yale maneno machache yaliyopangwa chini ya mji, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Wauza kanga wa Mombasa na Unguja hawahitaji kufundishwa kwamba kanga mbili za rangi moja zaweza kukaa rafuni pamoja, moja ikaisha kabla ya magharibi na nyingine ikaliwa na mende, kwa sababu ya jina tu. Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake Mombasa ilianza mwaka 1887, aliongeza jambo jingine: pamoja na jina, alitia alama ya herufi K.H.E. na maneno matatu, Mali ya Abdulla. Maneno hayo hayaisifu nguo. Hayasemi kwamba ni bora, wala kwamba rangi haichujuki. Yataja mwenyewe, na vizazi vya wanawake vimeyatafuta kwa macho kabla ya kufungua kibindo.

Mbishi atasema kwamba jina la kanga ni fumbo, na fumbo si maneno ya wazi. Hoja hii ni ya mtu asiyepata kununua kanga. Anunuaye ajua barabara ananunua nini na atampelekea nani. Wa kufumbwa ni jirani.

Wakulima wa milimani wana mfano wao. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianza mwaka 1933, na kahawa inayonadiwa Moshi hutajwa kwa madaraja mafupi ya herufi. Mnunuzi wa Hamburg ambaye hajauona mlima maisha yake, akisoma AA ajua kwamba punje ni kubwa. Akisoma PB ajua kwamba punje ni ya mviringo, iliyokua peke yake ndani ya tunda badala ya kuwa pacha. Herufi hizi hazikumpa mkulima mamlaka juu ya bei ya dunia, na si haki kuzisingizia muujiza huo. Lakini angalau hauzi gunia bubu.

Kuna na kundi la pili, ambalo limeikimbia methali ile likaangukia msemo mwingine, biashara matangazo. Hawa hawanyamazi, hupiga kelele. Kila bidhaa yao ni bora, ni halisi, ni ya asili, na bei yake ni maelewano. Siku hizi soko likiwa limehamia katika simu, kelele hizi zimeongezeka, na juu yake umezuka mtindo wa kuonyesha picha ya kitu na kumtaka mnunuzi aulizie bei faraghani, kana kwamba bei ni aibu ya nyumbani. Neno halisi limetumika juu ya vinyago vya mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu hata halina maana tena. Mwenye mpingo wa kweli angeweza kulitupa neno hilo akasema mambo mawili tu: mti huu ukitiwa majini huzama, na ukikwaruzwa chini weusi wake hautoki. Hayo mnunuzi aweza kuyapima mwenyewe. Sifa hazipimiki, ndiyo maana mwongo na mkweli huzitumia sawasawa.

Lakini hasara iliyo kubwa kupita zote imo katika michoro ya tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya dari, na picha zake zikauzwa Morogoro Stores, Oyster Bay. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Kazi yake haikutimia miaka mitano. Jina, hata hivyo, lilibaki. Wanafunzi wake waliungana chini yake, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Hapana mchoraji wa Afrika ya Mashariki aliyewaachia wafuasi wake urithi wa neno moja linalojulikana mbali hivyo. Wameutumiaje? Neno lililokuwa mlango limegeuzwa ukuta. Barabarani Unguja na Arusha picha za mikono mingi hutundikwa pamoja, twiga kwa twiga, tembo kwa tembo, na mnunuzi aulizapo ni nani aliyechora, hujibiwa: tingatinga. Asiyeweza kutofautisha mkono na mkono amebakiwa na kipimo kimoja, nacho ni urahisi wa bei. Hapo mchoraji mwenye kipawa hushindana na mnakili, na mnakili hushinda, kwa sababu yeye huchora haraka.

Husemwa kwamba maelezo huua siri ya sanaa. Siri ipi? Kutaja mti, mtu, mahali na bei si kufasiri ndoto ya msanii. Husemwa pia kwamba kueleza kazi yako ni kujisifu, na kwamba fundi wa kweli ni mnyenyekevu. Unyenyekevu unaomtajirisha mlanguzi umekosa jina lake la haki.

Hoja moja tu yastahili kusikilizwa, nayo ni kwamba wachongaji wengi hawana mazoea ya kalamu. Ni kweli, na hapa lawama yahama. Kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi soko la vinyago la Mwenge ni mwendo wa miguu usiotimia saa moja. Kilimani huandikwa tasnifu juu ya shetani na ujamaa katika uchongaji, zikasomwa na watahini, zikalala rafuni. Na maonyesho ya picha yanapofunguliwa, karatasi za mlangoni hujaa nafsi, utambulisho na mivutano ya nafasi, hata mtu mwenye fedha mfukoni na mapenzi moyoni hutoka bila kujua kama picha zauzwa. Lugha ya Kiswahili haikupungukiwa na maneno ya kumwambia mnunuzi kilicho mbele yake. Waliopungukiwa ni wenye elimu, nao wamepungukiwa na nia.

Karatasi inayotakiwa si kitabu. Jina la mchongaji na kwao; aina ya mti, na kwamba ukanda wa njano ubavuni ni sehemu ya mpingo wenyewe wala si kasoro; siku zilizotumika; bei kwa tarakimu; na kile ambacho kinyago chaonyesha, kwa maneno ya mchongaji mwenyewe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweza kuiandika ameketi juu ya gogo huku patasi ikiendelea, kisha amsomee mwenye kazi asahihishwe. Na mchongaji akisema kwamba hapo hapana shetani wala mzimu, bali mwanamke aliyetoka kuteka maji, basi iandikwe mwanamke aliyetoka kuteka maji.