Barabara kavu, faini ile ile: theluji isitulie pesa za nyumbani

Hapa kwetu tunazungumza sana kuhusu ada ya kutuma pesa. Mtu atalinganisha mawakala watatu ili aokoe dola 4, na anafanya vizuri. Lakini tukiwa wakweli, kwa wenzetu walioko Chicago pesa nyingi zaidi zinapotea usiku mmoja, gari likiwa limepakiwa kando ya barabara na mwenyewe amelala fofofo. Asubuhi gari halipo. Hakuna mwizi. Ni mji umelivuta.

Ndugu zetu wa Maskati na Doha, kwenu jua ndilo adui, haya ya theluji mnaweza kuyaona mageni. Ila wengi wenu mna ndugu Marekani au mnapanga kwenda, kwa hiyo someni tu.

Tuanze na kinachowachanganya watu. Chicago ina makatazo mawili ya kupaki wakati wa baridi, na watu huyachanganya kila mwaka. La kwanza ni la usiku. Kuanzia Desemba 1 hadi Aprili 1, kwenye barabara kuu zenye jumla ya maili 107, hakuna kupaki kuanzia saa 9 usiku hadi saa 1 asubuhi. Sikiliza vizuri: hata kama hakuna theluji. Hata kama barabara ni kavu na mbingu ni safi, gari linavutwa. La pili ni la inchi 2. Kuna maili nyingine 500 hivi za barabara ambazo theluji ikifika inchi 2 mji unaweza kuondoa magari, iwe mchana au usiku, mwezi wowote.

Na hapa kuna mtego wetu sisi Waswahili. Kibao kimeandikwa 3 AM mpaka 7 AM. Mtu mgeni, kichwa bado kinahesabu saa za nyumbani, anaona 3 anasema "saa tatu", anaona 7 anasema "saa saba". Anapaki saa nne usiku akidhani amekaa vizuri. Wapendwa, 3 AM ni saa tisa usiku. Ukimpokea mgeni kutoka Bukavu, Mombasa au Tabora, mfundishe hilo wiki ya kwanza, pamoja na kupanda basi.

Sasa hesabu. Kwa viwango ambavyo mji umekuwa ukitangaza, kuvutwa kwa katazo la usiku ni dola 150, tikiti ni dola 60, na kulaza gari yadi ni dola 25 kwa siku. Siku ya kwanza tu ni dola 235. Ukingoja mshahara wa Ijumaa, gari likalala siku nne, ni dola 310. Hapo hujahesabu nauli ya kufika yadi, ambayo inaweza kuwa ile ya Doty kusini kabisa mwa mji, wala siku ya kazi uliyokosa. Na kama gari limeandikwa jina la shemeji au rafiki, kazi inaongezeka, kwa sababu yadi inataka kitambulisho na ushahidi wa umiliki.

Dola 310 wewe unajua ni nini. Ni ada ya shule, au ni mabati, au ni dawa za mama. Huo ndio uzito wa jambo hili.

Hatusemi kanuni haina maana. Chicago ilikwama vibaya kwenye theluji ya Januari 1967, ikakwama tena mwaka 1979, na hasira ya watu ya mwaka ule ilichangia Meya Michael Bilandic kushindwa na Jane Byrne katika uchaguzi wa chama chao. Mji ulijifunza kwamba barabara kuu ikijaa magari yaliyofunikwa na theluji, malori ya kukwangua hayapiti, basi halipiti, na ambulansi haipiti. Sisi wenyewe ndio tunaopanda hayo mabasi alfajiri. Tunataka barabara zikwanguliwe.

Tunachosema ni hiki: kanuni hii imeandikwa kana kwamba kila mtu ana banda la gari na kazi ya mchana. Mwenye banda hata hajui katazo lipo. Anayeumia ni dada anayetoka kumhudumia mzee saa sita usiku, akazunguka vichochoro vyote vimejaa, akaona nafasi moja kwenye barabara kuu. Anayeumia ni fundi anayetakiwa kuondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda saiti, ambaye hawezi kuamka saa tisa kusogeza gari halafu alale tena. Faini ni ile ile kwa wote, lakini kwa mmoja ni usumbufu, kwa mwingine ni pesa ya mwezi ya nyumbani.

Kwa hiyo tuna maombi mawili kwa mji, na tunadhani yanawezekana. Moja: usiku ambao hakuna theluji kabisa, gari linalokosea mara ya kwanza lipewe tikiti, lisipelekwe yadi. Kuvuta gari kwenye barabara kavu hakumsaidii dereva wa lori la theluji ambaye usiku huo hana kazi. Tunajua jibu lao: watu wakizoea kupaki usiku mkavu, theluji ikianguka ghafla hawatatoka. Ni hoja. Lakini tikiti ya dola 60 inafundisha pia, bila kumnyima mtu usafiri wa kwenda kazini.

Pili: matangazo yasomeke. Minneapolis wana simu ya matangazo ya theluji kwa Kiingereza, Kihispania, Kihmong na Kisomali. Ndugu zetu Wasomali hawakupewa hilo kwa sababu ni wazuri wa sura. Ni watu wengi, wanajitokeza, wanauliza. Na sisi tujitokeze. Mwakilishi wa kata yako ana ofisi, na ofisi inapokea simu. Kuuliza si ujinga.

Tukiwa hapo hapo Minneapolis, msidhani ukijua ya Chicago umemaliza. Kule hakuna tarehe moja ya msimu mzima, kuna dharura ya theluji inayotangazwa, na ina siku tatu. Siku ya kwanza, saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi, usipaki upande wowote wa njia za dharura. Siku ya pili, saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, kwenye barabara nyingine usipaki upande wa nyumba zenye nambari shufwa, yaani 2, 4, 6. Siku ya tatu, saa zile zile, usipaki upande wa nambari witiri. Vuka mto uingie St. Paul, mambo yanabadilika tena: huko kuna njia za kukwanguliwa usiku, saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, na nyingine za mchana, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Unaishi mji mmoja, unafanya kazi mwingine, unahitaji kujua yote mawili. Ndiyo maana tunasema usimwige jirani. Kuona magari mengine yamepaki si ruhusa. Huenda wote mtavutwa pamoja.

Wakati tunasubiri miji itusikie, tujilinde. Kwenye kikundi chenu cha simu, iwe ni chama au wa kanisani au wa msikitini, chagueni mtu mmoja ajiandikishe kupokea matangazo ya mji, na kazi yake iwe kuyatuma kwa Kiswahili na kwa saa za Kiswahili. Ukitafuta nyumba ya kupanga, uliza nafasi ya gari kabla ya kuuliza rangi ya jikoni. Nyumba ya dola 30 zaidi kwa mwezi yenye pa kupaki nyuma inaweza kuwa ndiyo ya bei rahisi. Gari likipotea Chicago, piga 311 kabla hujaanza kulia wizi, kwa sababu wakati mwingine wakati wa theluji husogezwa tu mtaa wa jirani. Na likiwa yadi, kopa kwa rafiki ulitoe leo, umlipe Ijumaa. Kila siku unayosubiri ni dola 25 nyingine.

Na tikiti ukiipata, usiitupe kwenye droo. Kama unaona umeonewa, ipinge kabla ya tarehe iliyoandikwa. Kama huwezi kulipa yote, omba kulipa kwa awamu. Deni la mji halisahauliki kama deni la dukani kwa Mangi.

Leo jioni, kabla hujaingia ndani, simama dakika moja usome kibao cha mtaa wako, tarehe na saa. Dakika hiyo itakuokolea zaidi kuliko kubadilisha wakala wa kutuma pesa mwaka mzima.