Baraza ya Mwalimu: Safari ya Kusini na Amana ya Roho za Watu



Mwezi uliopita katika baraza hii tulizungumza habari za deni baina ya majirani. Mwezi huu shule zinafungwa, na huku kwetu Temeke na Mbagala, na kule Kinondoni vile vile, karibu kila nyumba ina mtu afungaye mzigo. Huyu aenda Tanga, yule aenda Morogoro, na wengi wetu, kwa kuwa asili yetu ni kusini, twaelekea Kilwa, Lindi na Mtwara, tukiwapeleka watoto wakawaone bibi na babu zao. Kwa sababu hiyo nimeona leo tuzungumze habari ya barabara. Kuna jambo lililonipata mimi mwenyewe, nalo nimelinyamazia muda mrefu. Na hata siku lilipotokea, kosa langu lilikuwa ni kule kunyamaza.

Miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Magharibi, tuliletewa habari kwamba mama mkubwa wa mke wangu amefariki katika kijiji kimoja cha Lindi, na kwamba maziko yatakuwa kesho yake saa nne asubuhi. Nanyi mwajua mambo yetu: maiti wa Kiislamu hacheleweshwi. Shemeji yangu akaazima gari la rafiki yake, na ilipofika saa tano ya usiku tukaondoka, watu wanane katika gari la watu saba. Mtoto wa shemeji, mwenye miaka saba, alipakatwa na mama yake. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeendesha, na siku hiyo alikuwa sokoni katika shughuli zake tangu alfajiri. Hapana aliyetazama matairi, wala aliyeuliza habari ya breki. Tulisoma dua ya safari, tukaitikia amin, tukaona tumekwisha jitayarisha.

Tulipofika Nangurukuru, yapata saa tisa na nusu usiku, tulisimama tunywe chai. Nikamtazama shemeji usoni, nikaona macho yamekuwa mekundu, na kikombe anakishika kama mtu aliye mbali. Nikamwambia, “Shemeji, huoni afadhali tupumzike hapa hata alfajiri?” Akanijibu, “Mwalimu, niko sawa. Tuko mikononi mwa Mwenyezi Mungu.” Basi mimi nikanyamaza. Nilichelea watu wasije wakasema kwamba mwalimu hakuwa na haraka kwa kuwa aliyekufa si wa damu yake. Nilirudi garini nikakaa, na moyo wangu ukiniambia kuwa jambo hili si sawa.

Tulikwisha pita Kiranjeranje, na alfajiri haijapambazuka, gari lilipoacha lami. Sikusikia breki wala honi. Nilisikia majani yakipiga chini ya gari, kisha kishindo. Tulikuwa tumesimama juu ya mti, na mbele yake, kwa hatua zisizozidi kumi, palikuwa na ukingo wa zege wa karavati. Kama si mti ule, huenda baraza hii ingeandikwa na mtu mwingine. Hapana aliyekufa, alhamdulillahi. Lakini yule mtoto, ambaye hakuwa na mkanda wala kiti chake, alirushwa mbele akavunjika mkono. Wanakijiji walitutoa, wakaufunga mkono wa mtoto kwa kanga, wakatutafutia gari la kutupeleka hospitali. Na saa nne ya asubuhi, saa ile ile tuliyoikimbilia usiku kucha, sisi tulikuwa tumekaa kwenye benchi la hospitali, na marehemu akazikwa na majirani zake. Tena alizikwa vizuri, akaoshwa, akasaliwa, kama ilivyo haki yake.

Tulipowasili kijijini siku ya tatu, mjomba wa mke wangu, ambaye ni mzee sana, alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza neno moja tu: “Mlitaka tuzike wangapi?”

Wasomaji wangu, neno lile limenifundisha kuliko vitabu vingi. Kumzika maiti ni fardhi kifaya: wakisimama nayo baadhi ya watu, waliobaki hawana dhambi. Lakini kuhifadhi roho za watu waliomo garini mwako ni amana juu ya shingo yako wewe, wala jirani wa Lindi hawezi kukuondolea. Sisi tuliiacha amana iliyokuwa mikononi mwetu tukaikimbilia faradhi iliyokwisha pata wa kuitimiza. Na neno la kuwa “tuko mikononi mwa Mungu” ni neno la kweli, ila tulilitumia mahali pa kazi tuliyopaswa kuifanya. Watoto wa chuoni kwangu wote wanakijua kisa cha bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga akidai kuwa amemtegemea Mungu, naye Mtume (S.A.W.) akamwelekeza amfunge kwanza ndipo ategemee. Mimi niliyewasomesha kisa hicho nilipanda gari ambalo ngamia wake hakufungwa.

Sasa natutazame jinsi ya kumfunga ngamia wa leo.

Kwanza ni gari lenyewe. Lipelekwe kwa fundi siku mbili au tatu kabla ya safari, si asubuhi ya safari, ili likionekana lina ubovu pawe na nafasi ya kulitengeneza. Fundi atazame breki, matairi yote na lile la akiba, taa za mbele na za nyuma, vifuta kioo, oili na maji ya rejeta. Tairi lililokwisha meno halishiki lami ya mvua, na tairi lenye upepo mdogo likipakiwa watu na magunia hupata moto likapasuka. Jeki na spana ziwemo, na pembetatu mbili za kuweka barabarani gari likiharibika, na mtungi wa kuzimia moto, ambavyo askari huviulizia pia. Karatasi za bima na leseni zitazamwe tarehe zake. Tena wapakiwe watu kwa idadi ya viti, na kila mmoja afunge mkanda, hata aliyekaa nyuma. Mtoto mdogo asipakatwe. Mikono ya mama ina nguvu ya mapenzi, lakini gari likigonga kitu kwa kasi hapana mikono inayoweza kumzuia mtoto.

Pili ni mwendeshaji. Wengi huuliza kama gari ni zima, na wachache huuliza kama dereva amelala. Fanyeni hesabu ndogo pamoja na vijana wenu: gari liendalo kilomita 90 kwa saa hupita mita 25 katika kila sekunde. Basi mtu akisinzia kwa sekunde nne tu, gari limekwenda mita 100, urefu wa uwanja wa mpira, bila mtu wa kuliongoza. Kahawa na redio na kujimwagia maji usoni humwamsha mtu kwa kitambo kidogo kisha usingizi ukamrudia. Dawa ya usingizi ni kulala. Alale vizuri usiku wa kuamkia safari, na kila baada ya saa mbili asimame, ashuke, atembee. Ikiwa wako wawili wenye leseni, wapokezane. Na simu ya dereva ishikwe na mtu mwingine.

Tatu ni saa ya kuondoka. Mtu atokaye Temeke na aondoke mara baada ya sala ya Alfajiri, apite Mbagala Rangi Tatu na Kongowe kabla magari hayajasongamana, naye atakuwa na mchana mzima mbele yake. Kutoka Dar es Salaam mpaka Lindi ni kama kilomita 450, na mpaka Mtwara ni kama 560, safari ambayo mchana wa Mungu unaitosha. Usiku ni mambo mengine. Kuna watembea kwa miguu wasio na taa, baiskeli, mbuzi, na malori yaliyoharibika yakaachwa katikati ya njia. Tena tangu Oktoba 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo barabara ya usiku si tupu kama ilivyokuwa zamani.

Nne ni barabara yenyewe. Baada ya Kongowe mtapita Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Bungu na Kibiti. Njia yote hii ina vijiji, na watu wamejenga karibu na lami. Mwendo katika makazi ni kilomita 50 kwa saa. Wengi huitii sheria hii kwa kumwogopa askari mwenye tochi, na magari yajayo huwashiana taa kupeana habari zake. Lakini mtoto anayevuka kwenda kuchota maji hana wa kumwashia taa. Kibiti na Ikwiriri jazeni mafuta na mnunue maji ya kunywa, kwani mbele vituo vyaachana. Halafu mtavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, ambalo urefu wake ni karibu kilomita moja, nalo lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo wazee wetu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na mto ulipofurika walingoja ng'ambo siku kadhaa. Wala hapana aliyewalaumu kwa kukosa maziko au harusi. Kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kama kilomita 60, ndicho kilichochelewa kutiwa lami kuliko vingine. Leo njia ni nyororo, na unyororo huo ndio unaotudanganya. Lami imepunguza siku za safari, lakini haikupunguza haja ya mwanadamu ya kulala.

Mkiona matawi ya miti yamewekwa barabarani, punguzeni mwendo mara moja, maana hiyo ni alama kwamba mbele kuna gari lililoharibika. Na mkiwa nyuma ya lori la saruji litokalo Mtwara, dereva wake akawasha taa ya kushoto kuwaambia mpite, mshukuruni kwa wema wake, lakini msipite mpaka macho yenu wenyewe yameona kuwa mbele ni kweupe. Huenda taa ile ni ya kusimama tu. Katika mlima na katika kona msipite kabisa.

Tano ni mvua. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipofika pwani yetu, mvua ziliikata barabara hii katika wilaya ya Kilwa, upande wa Somanga, na wasafiri wakakwama pande zote mbili. Basi wakati wa mvua kubwa pigeni simu kwa jamaa walioko njiani mwulize habari kabla hamjaondoka. Na mkikuta maji yanapita juu ya barabara kwa kasi, msiyaingie, hata kama mbele yenu limepita basi. Maji yafikayo nusu ya gurudumu yaweza kuliinua gari dogo na kulisukuma, na chini yake hamjui kama lami ingalipo. Rudini, mlale mji wa nyuma.

Sita ni sala, na hapa ndipo ninapostaajabu. Mola wetu amemhurumia msafiri: amempunguzia rakaa nne zikawa mbili, akamruhusu kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, na mwenye kufunga akaruhusiwa kula akalipa baadaye. Huruma yote hiyo ni kwa sababu safari ni mashaka. Vipi basi msafiri huyo aliyehurumiwa na Mola wake asijihurumie mwenyewe? Fanyeni kituo cha sala kiwe ndicho kituo cha kupumzika. Simameni Nangurukuru msali Adhuhuri na Alasiri pamoja, mle bila haraka, na dereva ajinyooshe hata nusu saa. Mtakuwa mmepata ibada na usalama kwa pamoja.

La mwisho nalielekeza kwa wale wasioshika usukani, yaani akina mama, wazee, na ninyi vijana. Msifanye nilivyofanya mimi. Dereva akisinzia, au akikimbiza gari kupita kiasi, mwambieni. Kijana aweza kusema kwa adabu, “Baba, twaomba utupumzishe kidogo, watoto wamechoka.” Mke aweza kusema, na mkwe pia. Akikasirika, atakasirika kwa muda wa saa moja. Na wewe mwenye usukani, ukiambiwa neno hilo usilione kuwa ni dharau. Aliyekuambia amekupenda wewe na wanao.

Yule mtoto ni mwanafunzi wangu chuoni. Mkono ule haukunyooka sawasawa, na anapoandika hulazimika kuinua kiwiko. Kila nimwonapo akiinua kiwiko chake, nakumbuka kikombe cha chai cha Nangurukuru na neno ambalo nililisema mara moja tu, nami nilipaswa kulisema mara ya pili.

Mwenyezi Mungu awafikishe salama, na awarejeshe majumbani mwenu mkiwa hesabu ile ile mliyoondoka nayo. Amin.